Upana wa Mashaka Yangu

Mwaka ule nilirudi kijijini kwetu Mtae kumalizia tasnifu, na kwa wiki nzima ukungu ulikaa nami barazani. Nilikuwa nakadiria uzito wa viini vya atomu ambavyo hufa kabla mtu hajawahi kuvipima. Modeli zangu tatu za kompyuta zilikubaliana mno, basi nikaandika kiasi cha mashaka, yaani kadirio laweza kukosea kwa kadiri gani, kuwa chembamba kama uzi. Msimamizi wangu alinirudishia sura hiyo mara mbili. Safari ya pili aliandika kwamba hatasaini mpaka nimweleze uhakika huo nimeutoa wapi. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilifunga kompyuta nikasema mzee huyu ananionea tu, na miaka mitano ya masomo inaning'inia kwenye saini yake.

Nikashuka shambani kwa mama, nikawaamkia yeye na wadogo zake wawili. Huku kwetu, kabla tenga la mapeasi halijapanda mizani, wanawake hulinyanyua kwa zamu na kila mmoja hutaja kilo zake. Hawa watatu huwa hawakosei, na wanaringa kwa hilo. Siku hiyo walikuwa wakivuna miti mipya ya kubebesha, iliyounganishwa na aina nyingine ya peasi, kwa mara ya kwanza. Mama akasema thelathini. Mama mdogo mmoja akasema thelathini na moja, mwingine thelathini. Mizani ikasema arobaini kasoro moja.

Wakashika viuno, wakaanza kutaniana kwa Kishambaa nani kazeeka mikono.

“Mbona mmekosea sawasawa?” nikauliza.

“Si tumefundishwa na bibi yako, sote, kwa miti ileile ya zamani,” mama akasema. “Haya yana maji mengi, mikono yetu haiyajui.”

Nilibaki nimesimama huku ukungu ukipita katikati yetu taratibu. Modeli zangu nazo zilijifunza kwa viini vilevile vilivyokwisha kupimwa. Kukubaliana kwao kulikuwa undugu tu, nami nikauita ukweli. Niliona aibu, na ndani ya aibu hiyo raha ya ajabu.

Nikaandika sura upya. Karibu na viini vilivyopimwa niliacha mashaka membamba. Kila nilipokwenda mbali navyo niliyaacha yafunguke, mpaka mwisho wa mchoro wa makadirio yangu ukawa karibu wote hewa. Niliogopa kuituma, nikaituma.

Msimamizi alisaini. Mama aliponiuliza nimegundua nini miaka yote hiyo, nilimwonyesha mchoro, upande ule mpana.

“Hapa sijui, mama. Na sasa najua kiasi gani sijui.”

Aliutazama, kisha akaniomba nisimwambie mtu yeyote pale kijijini kwamba sijui.