Kukuziwa wa Bwawa la Kiplombe

Baba yangu alikuwa mtu wa kushikilia neno, na neno lake kubwa lilikuwa kwamba kukuziwa haruki. Tuliishi Kiplombe, shamba letu likishuka mpaka bwawani, na ndege hao tuliwaona mwaka mzima. Watu wote waliwaita bata. Baba aliwacheka.

"Bata gani ako na mdomo ya kuku?"

Jumapili baada ya ibada alinikalisha kwenye nyasi akanifundisha. Mwili mweusi kama sufuria ya kuni, mdomo mweupe, na weupe huo unapanda mpaka kwenye paji la uso. Majira ya kutaga, juu ya paji hutokea vinundu viwili vyekundu. Binamu yake anayejificha matetini ana paji jekundu, usiwachanganye. Miguu nayo si ya bata: kila kidole kina vipande vyake vya ngozi pembeni.

Baba hakuwahi kumwona akiruka. Kukuziwa akishtuka hukimbia juu ya maji akipigapiga mabawa, kisha hutua mbele kidogo tu. "Huyu ni mwenyeji," baba alisema. "Mwenyeji haendi mahali."

Kumbe wanaruka, tena mbali, ila husafiri usiku wakati binadamu tumelala. Hilo nililisoma miaka ya baadaye nikiwa mwanafunzi wa chuo cha Chepkoilel, nikalia maktaba nzima ikinitazama.

Kwa maana baada ya kura ile iliyozua vita vya makabila, moshi wa nyumba za watu wa kabila letu ulipoonekana ng'ambo ya bwawa, mama alitubebesha blanketi tukimbilie kituo cha polisi. Baba alikataa. "Nani atakamua? Mimi ni mwenyeji hapa." Jirani yetu, mzee wa Kikalenjin ambaye ng'ombe wake walilishwa pamoja na wetu, alimsihi pia. Akatikisa kichwa. Siku chache baadaye tuliambiwa yuko mochari. Tulimzika nyumbani kwa nyanya, haraka haraka, bila hata kujua aliangukia wapi.

Mama hakumsamehe. Aliamini baba alichagua ng'ombe akatuacha sisi. Katika vyumba vyote vya kupanga tulivyohamia hakutundika picha yake hata moja. "Alipenda shamba," alisema, basi. Nilimchukia mama kidogo kwa hilo, na nilimwelewa pia.

Mwaka jana mama alikubali turudi Kiplombe kutazama. Jirani yule mzee alitupokea kwa mursik, maziwa yao ya kugandisha kwenye kibuyu, akatushukisha bwawani. Kukuziwa walikuwepo. Mmoja alikuwa amelalia kiota chake cha matete kinachoelea, na makinda wenye vichwa vyekundu walikuwa wakizozana pembeni. Mzee alitueleza kwamba ukame ulipokausha bwawa walitoweka wote, na mvua iliporudi nao wakarudi. Mama hakuwatazama.

"Mzee," akasema, "wewe ulimwona baba yao siku ile aliyokufa?"

"Nilimwona, Mama. Asubuhi alileta ng'ombe wake kwangu. Akaniambia, 'Nikamulie mpaka nirudi na watu wangu.'"

"Kwani hawakumpata kwa nyumba?"

"Hapana. Ni kule kwa barabara, pale kwa mikaratusi. Gambuti zake za shamba aliacha kwangu, akavaa viatu za kanisa. Alikuwa anawafuata kwa polisi." Mzee alitutazama, mimi kisha mama. "Mimi nilidhani mnajua."

Mama aliketi palepale kwenye matope na gauni lake zuri. Nilijaribu kumwinua, akanisukuma. Mzee alivua kofia, akasimama kando, asijue aangalie wapi.

"Alikuwa anakuja," mama akasema. "Alikuwa anakuja, na mimi nimemnunia miaka hii yote."