Mkono kwenye Kioo cha Kushoto

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi, saa nne ya asubuhi, jua limewaka, na vidole vyangu ndivyo ushahidi. Ukija Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, nitakuonyesha. Watu hudhani mambo kama haya yanangoja giza. Nani aliwadanganya?

Nilikuwa mpakiaji kwenye lori la kaka yangu. Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Lilongwe, lakini kaka ndiye aliyeliendesha, na mimi nilipakia saruji na unga kule sokoni Tsoka na kushusha kambini kwetu. Tulikimbia kwetu Fizi pamoja, na nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa zetu. Alikuwa mtu mwema. Naomba ulishike hilo mpaka mwisho.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu. Kioo cha kushoto kilikuwa kimekatika shingo, kwa hiyo nilikishika kwa mkono nje ya dirisha na kumwambia yaya kilichoko upande huo. "Kushoto?" anauliza. "Pita," nasema. Upande ule aliona kile tu nilichomwambia mimi.

Ukishapita Lumbadzi kuna njia ya udongo inayokatiza vijijini. Mwanzoni pana kibao, duara jekundu lenye picha ya lori, nguzo imepinda. Malori hayaruhusiwi kwa sababu ya daraja la mbao, jembamba, ambalo lori likiingia hata baiskeli haina pa kujibana. Kibao kile tulikijua vizuri sana. Lakini tulikuwa tunazidisha mzigo, na kwenye lami tungekaguliwa. Mara ya kwanza yaya alisita. Mimi ndiye niliyemwambia, "Yaya, kibao hakina miguu, hakitatufuata." Nilicheka kabisa niliposema hivyo, mjinga mimi.

Jumatatu moja tulimkuta darajani mtu wa kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Alivaa shati la njano, hakuwa na abiria. Yaya akapiga honi, akauliza, "Kushoto?" Nilikuwa natafuna mandasi, maandazi ya huku. Sikutazama. Nikasema, "Pita."

Lori likapanda kitu, likashuka. Nilisikia baiskeli ikisagika, na kitu kingine ambacho hakikuwa chuma. Yaya akakanyaga breki mpaka mifuko ya nyuma ikagonga kibanda tulimokaa.

"Iko muzima?" akauliza. "Tazama! Iko muzima?"

Nikageuza kioo. Yule mtu alikuwa kifudifudi, kiuno kimebonyezwa kwenye mbao, damu inatiririka kati ya mbao kwenda mtoni. Na mkono wake mmoja ulinyanyuka. Niamini, ulinyanyuka, vidole vikafunguka, kama abiria anayesimamisha gari. Nikawaza mawe ya wanakijiji, nikawaza kwamba sisi ni wakimbizi tu na hakuna atakayetutetea. Niliogopa, basi.

"Amekufa, yaya," nikasema. "Twende, batatuua."

Tukaenda. Yaya alilia njia nzima. "Kama angekuwa muzima ningemubeba," alisema. "We unajua ningemubeba." Nilijua. Jumapili alisimama kanisani akaomba aombewe, bila kusema kwa nini, na mimi nilikaa benchi la nyuma nikaitikia amina.

Safari iliyofuata alikataa njia ile. "Mi sipiti kule tena. Batukamate, ni sawa." Tukashika lami, naapa kwa Mungu. Tulipita Lumbadzi, minibasi zikiita abiria kama kawaida. Mbele kidogo, katikati ya lami, nikakiona kibao. Duara jekundu, nguzo iliyopinda. Yaya akakata usukani kukikwepa, na magurudumu yakaanza kulia juu ya mbao za daraja. Tulifikaje pale? Mpaka leo sijui.

Mbele ya daraja kulikuwa na matawi mabichi njiani. Hapa Malawi matawi yakiwekwa barabarani karibu na nyumba, kuna msiba, na dereva mwenye adabu hupunguza mwendo. Yaya akasimama kabisa, akazima redio, akavua kofia. Kando ya njia wanawake walikuwa wameketi chini na vitenge vyao. Hakuna aliyelia. Wote walinitazama mimi.

Mlango wangu ukafunguliwa. "Matola," akasema mtu, neno la yeyote anayeomba kubebwa na lori kwa malipo. Shati la njano. Akapita juu ya mapaja yangu, akakaa kati yetu, na kiuno chake kilikuwa bapa kama mkeka, kimechorwa meno ya tairi. Alinuka tope. Kisha akasema Kiswahili, Kiswahili chetu cha Fizi. Mwenyeji wa kule angekijulia wapi?

"Wakati mulinipita, nilikuwa nimekufa?"

Yaya akanigeukia. "Mujibu, mudogo wangu. Mwambie vile uliona."

"Ulikuwa umekufa," nikasema.

Yule mtu akashika kidole kidogo cha yaya juu ya usukani, akakivunja. Kilitoa sauti ya kuni kavu. Yaya akapiga ukelele ambao sitaki kuuelezea. Nikampiga yule mtu ngumi ya uso, ngumi ikazama kama kwenye unga uliolowa, na nilipouvuta mkono ulikuwa umejaa damu baridi.

"Nilikuwa nimekufa?"

"Ndiyo!"

Akavunja cha pili. Akauliza tena, nami nikarudia uongo ule ule, akavunja cha tatu, akakipinda mpaka mfupa ukatoka nje. Damu ilirukia kioo cha mbele. Unaniuliza kwa nini sikusema kweli mara moja? Kwa sababu yaya alikuwa ananitazama. Nilitaka aendelee kunipenda.

Hatimaye nikalia, "Ulinyanyua mukono! Nilikuona! Ulikuwa muzima!"

Yaya hakumtazama tena yule mtu. Alinitazama mimi, vidole vyake vikining'inia. "Ulisema amekufa," akasema.

Yule mtu akamshika kwa vile vile vidole vilivyovunjika, akamburuta juu ya magoti yangu, akatoka naye kwa mlango wangu. Nilimkumbatia yaya kiunoni, nikang'ang'ania, nikabaki na kitambaa cha shati. Lori likaanza kwenda lenyewe. Likapanda kitu, likashuka. Kioo kilikuwa mkononi mwangu. Nikatazama, na yaya alikuwa kifudifudi, na mkono wake ukanyanyuka.

Niliruka, nikaanguka, nikakimbia. Nilipomfikia mkono ulikuwa umeshalala.

Tulikutwa kwenye lami. Hapakuwa na daraja, matawi wala kibao. Polisi waliandika kwamba dereva alianguka kutoka kwenye gari bovu. Vile vidole vitatu hakuna aliyevieleza.

Siku ya mazishi shemeji yangu, mjane wa yaya, alinivuta kando. Macho yalikuwa yamevimba. "Shemeji, niambie kweli. Alikufa palepale, ao aliteseka?"

Ungemwambia nini wewe? Nilitaka kumpoza. "Palepale," nikasema.

Kidole changu kidogo kikavunjika. Hakuna aliyenigusa. Kilitoa ile sauti ya kuni kavu, na shemeji aliisikia, akarudi nyuma.

Tangu hapo nimevunjika vidole vinne, vyote kwa uongo wa kawaida, ule ambao wewe umeusema leo ukasahau. Siwezi tena kupakia. Vioo vyote nyumbani mke wangu amevitoa. Na shemeji bado huja kuniuliza swali lile, kila akija, naye hutazama mikono yangu kwanza.

Jana nilimjibu kweli, kwamba mkono wake ulinyanyuka. Akafunga kitenge chake, akaondoka. Hajaniamkia leo.

Basi wewe dereva, ukikuta kibao kinakukataza, geuza lori, hata kama umechelewa, hata kama aliye kando yako anacheka. Na wewe uliye kando yake, akikuuliza umeona nini kushoto, acha kula, utazame, kisha umwambie kweli. Kibao kina miguu.