Munyiva, fundi aliyekosea jina la mwenye nyumba

Saa tatu asubuhi, katika boma moja nje ya mji wa Kajiado, kichwa cha mwanamke kinachomoza juu ya paa la nyumba ya udongo. Amejifunga leso puani na nyusi zake zimejaa masizi. Anaomba apewe bomba upesi, na Nashipae, mama wa nyumba hiyo, anampitishia kutoka chini huku akicheka.

Munyiva Nzau, 41, ni fundi wa bati kutoka Kitengela. Alihamia huko mwaka 1995 akitokea Machakos, na kwa miaka mingi riziki yake ilikuwa makarai na masanduku ya wanafunzi. Tangu mwaka jana, 2002, anafunga kofia za moshi katika nyumba za Wamaasai.

Nyumba moja hupata vitu vitatu: jiko la udongo linalotumia kuni kidogo, dirisha, na kofia ya bati inayokaa juu ya jiko na kutoa moshi nje kwa bomba. Gharama yote ni Sh4,200. Mradi mmoja wa nishati hulipa nusu, na mama hulipa iliyobaki polepole kupitia kikundi, kwa pesa za maziwa na shanga. Fundi hupata Sh600 kwa kila nyumba.

Mwandishi huyu alikaa dakika kumi katika nyumba ambayo bado haijafungwa kofia, akatoka akilia kama aliyefiwa. Akina mama hupika humo kila siku. Jirani wa Nashipae, ambaye alitangulia kupata jiko, anasema mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili sasa unafika siku nne, na mtoto wake hakohoi tena.

Kofia ya Nashipae ilipaswa kufungwa Machi. Imechelewa miezi mitatu, na Munyiva hafichi kwamba kosa lilikuwa lake.

Mzee Lemein, mume wa Nashipae, ana wake watatu, kila mmoja na nyumba yake. Munyiva alijaza fomu tatu za kuomba nusu ile ya mradi. Palipoulizwa jina la mwenye nyumba, akaandika Lemein mara tatu.

"Kwetu Ukambani nyumba ni ya bwana," anasema. "Sikufikiria hata kidogo. Niliandika tu, nikaenda kukata bati."

Ofisini kwa mradi waliona mtu mmoja anayetaka kusaidiwa mara tatu. Walilipia nyumba ya mke mkubwa, wakarudisha fomu mbili, na fundi akaarifiwa kwamba huenda akaondolewa katika orodha ya mafundi wa mradi kwa udanganyifu. Munyiva anasema hakula vizuri kwa wiki nzima. Kofia mbili zilikuwa tayari kibandani kwake, na bila orodha hiyo angerudi kwenye makarai.

Aliomba jambo moja tu, kwamba afisa aje bomani ajionee. Afisa huyo, Bw Kiragu, alifika na fomu zake. Akasalimiana, akapewa maziwa, kisha akamuuliza Lemein kama nyumba zote tatu ni zake.

Lemein alimtazama kana kwamba ameulizwa kama anasuka shanga.

"Mimi niko na ng'ombe. Nyumba sina," akajibu. "Hii alijenga Nashipae na mikono yake. Akikasirika, mimi natafuta pa kulala."

Wanawake walicheka hadi Bw Kiragu naye akacheka. Akamwuliza mzee dirisha jipya litakaa upande gani. Lemein akasema hiyo aulizwe mama, yeye hawezi kutoboa ukuta wa mtu. Nashipae akaonyesha mahali kwa kidole bila kusita.

Wiki mbili baadaye fomu mbili zilijazwa upya, kila moja kwa jina la mama aliyejenga. Ofisi imeamua kufanya hivyo katika maboma yote ya eneo hili. Munyiva sasa ana nyumba thelathini na moja zinazomsubiri, na akifika bomani huitikia salamu ya Kimaasai ya "takwenya" kwa "iko" ya haraka kama mwenyeji.

Saa sita bomba limekaa. Nashipae anawasha moto, na sote tunatoka nje kutazama juu. Moshi unachungulia kidogo, kisha unapanda. Nashipae anarudi ndani, anakaa karibu na jiko, anafumbua macho yake yote mawili. Munyiva anageukia pembeni kujifuta uso, na safari hii si masizi.

Yeye mwenyewe hana pa kutoboa dirisha. Amepanga chumba kimoja Kitengela, na mwenye plot hataki hata msumari ukutani. Lakini ameshaanza kulipia kiploti kidogo cha kujenga.

"Hiyo fomu nimejazia watu wengi," anasema akikunja leso. "Nataka siku moja niulizwe mimi mwenye nyumba ni nani. Nitaandika Munyiva Nzau, pole pole, hata kama watu wamepanga laini nyuma yangu."