Vumbi la Stoo Yetu

Daktari alipouliza, "Mzee, unakunywa?" nilijibu haraka mno. "Niliacha, dokta. Huu mwaka wa tatu." Mke wangu alikuwa kando yangu, kipochi magotini, na nilijua anasikiliza kila herufi. Karatasi ya maabara ilisema vimeng'enya vya ini langu vimepanda. Homa ya ini haikuonekana, picha ya tumbo ilikuwa safi. Basi ilibaki pombe.

"Wagonjwa wengine husahau," daktari akasema, huku akiandika. Nilitamani kuinyakua ile kalamu.

Tulirudi nyumbani Bagara, yeye hatua mbili mbele yangu. Simlaumu. Nilimdanganya mwanamke yule miaka mingi, nikitafuna karafuu na kuapa kwa kaburi la mama yangu. Nilipoacha aliniambia mara moja tu, bila kupaza sauti, kwamba nikirudia, yeye anarudi kwao Dareda. Ni mtu wa maneno machache, na huyatekeleza yote.

Tangu siku ile ya daktari, kila jioni nikitoka kwenye cherehani yangu sokoni, alinipokea mlangoni. "Pole na kazi, baba," anasema, pua ikinisogelea kuliko pole inavyohitaji. Nami nasimama na kutoa pumzi, kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani. Iliniuma. Siku moja nilikuta mifuko ya koti langu imepinduliwa. Nikala nimenuna kama mtoto. Ini niliogopa, ndiyo, lakini zaidi niliogopa kurudi nikute begi lake limefungwa. Nikafika mahali pa kujishuku mwenyewe: ile togwa niliyokunywa harusini kule Nangara, kwani ilikuwa imechacha?

Mwezi uliofuata tulimkuta daktari mwingine, binti mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Alituamkia shikamoo, akaweka habari za pombe kando, akauliza siku zangu zinavyokwenda. Nikamwambia nashona, na Jumamosi nafagia stoo ya mahindi. Mahindi ya shamba letu la Singe tunayaweka kwenye chumba kilichopakana na jiko. Zamani ilikuwa kazi ya mke wangu. Nilipoacha pombe niliichukua mimi, maana Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya baa na mikono ilikuwa haijui pa kwenda.

"Panya wapo?"

"Wapo? Wenye nyumba ni wao, sisi tumepanga."

Mke wangu akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu yale majibu.

"Na mnafagia kavukavu?"

"Kavu. Ila mlango tunafunga, vumbi lisiingie kwenye chakula."

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema kuna virusi vya panya, vinaitwa hanta. Vinakaa kwenye mkojo na mavi yao, na vikikauka mtu anavivuta pamoja na vumbi. Husumbua zaidi figo na mapafu, ila ini nalo huweza kuguswa. Kipimo chake hapa Babati hakikuwepo, hivyo damu yangu ingesafirishwa.

Tulisubiri wiki nyingi. Naona aibu kuandika hili: kanisani nilipiga magoti nikaomba nikutwe navyo. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anamwomba Mungu ampe ugonjwa wa panya.

Nikakutwa navyo. Majibu yalionyesha kwamba mwili wangu uliwahi kukutana na virusi vile. Daktari alionya kwamba hilo halithibitishi kuwa ndivyo vilivyopandisha vimeng'enya, lakini sababu nyingine hakuiona, na pombe aliifuta kwenye faili mbele yetu. Nilimgeukia mke wangu kifua mbele, nikisubiri aniombe radhi. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Daktari," alisema, "mimi nimeifagia stoo ile miaka kumi na tisa kabla yake. Mlango nikiwa nimeufunga." Akavifumba viganja. "Na huu uchovu wangu nilidhani ni umri tu."

Kifua changu kikashuka. Miaka hiyo yote, yeye akila vumbi mle ndani, mimi nilikuwa baa. Akatolewa damu palepale, chupa mbili, nikimshikia kipochi.

Siku ya pili yake nilirudi kutoka sokoni nikasimama mlangoni, nikainama ninuswe, kwa mazoea. Alikuwa ametoka stoo, kitambaa kimefunika pua na mdomo, ndoo ya maji ya dawa mkononi. Sakafu ilikuwa imeloweshwa, mlango na dirisha viko wazi.

"Pita tu, baba," akasema, akaenda kumwaga maji.

Neno hilo nililisubiri miezi yote ile. Nilibaki palepale kizingitini. Ningetoa chochote arudi aninuse, akute pombe, aniite mwongo mbele ya majirani wote wa Bagara, mradi karatasi yake irudi safi.