Darasa Lililotulia Kupita Kiasi

Mwalimu wa chekechea, aliyebandikwa jina la Kengele kwa sauti yake ya kuamsha mtaa mzima, aliapa kwamba fimbo haitaingia tena darasani kwake. Mkuu wa shule, mtu wa kushika fimbo hata akinywa chai, alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Haya, mwalimu. Muhula mmoja. Wakikushinda, fimbo inarudi."

Basi Kengele akatandika mkeka karibu na dirisha. Mtoto aliyempiga mwenzake au kumwaga rangi alikaa pale na mwalimu, akapumua, akasema kilichomkera, kisha akapewa kitambaa afute. Wiki za kwanza darasa lilikuwa mnada wa mbuzi. Halafu ghafla, kimya. Mkuu akaanza kuleta wageni kutazama maajabu, na Kengele akawa anatembea kama kavaa viatu vipya. Sifa aligawana na msaidizi wake, shoga yake wa tangu utotoni, ambaye watoto walimwita Shangazi. Kazi hiyo ni Kengele aliyemwombea.

Asubuhi moja, Shangazi akiwa msalani, kitoto kimoja kikamwaga maji. Kabla mwalimu hajafungua mdomo, kikaenda chenyewe mkekani, kikafumba macho, kikapandisha shati. Ubavuni, alama za kucha.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nifinye wewe. Shangazi anafinya sana."

Shangazi aliporudi, Kengele alimvuta koridoni.

"Shoga, kweli? Mkeka wangu umeugeuza machinjio?"

"Usijifanye malaika! Ulidhani wananyamaza kwa kupumua? Ukitoka tu wananipanda kichwani. Nimekubeba muhula mzima, hata asante sijaisikia."

"Nani alikuomba unibebe?"

"Wao wanajua ni wewe. Niliwaambia umenituma."

Hapo Kengele akamwacha palepale koridoni. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu, akamwaga yote.

"Kwa hiyo umeshindwa," mkuu akasema. "Shangazi yako aondoke leo. Jumatatu fimbo inarudi."

"Basi irudi na mwalimu mwingine."

Akarudi darasani, akakaa sakafuni katikati ya watoto.

"Wanangu, mimi sikumtuma Shangazi. Mnanisikia? Sikumtuma."

Wakaitikia kwa vichwa, wote kwa pamoja, haraka haraka, huku kila mmoja amebana viwiko kwenye mbavu zake.