Mdomo wa Mdogo Wangu

Watu wa parseli yetu, ua mmoja wa nyumba kadhaa, walizoea kuniuliza mimi. Mdogo wangu akitoa sauti, vichwa vyote vinageuka upande wangu: "Anasema nini?" Nami nasema anataka maji, anasema redio ipunguzwe, anasema wewe jirani, hiyo wigi yako leo umeivaa nyuma mbele. Watu wanacheka, yeye anacheka, na mimi najisikia mkubwa.

Alizaliwa kwa shida. Shingo na mikono havimtii, na maneno yanamtoka yamevunjika. Akili yake ni nzima kabisa, na kwa utani ananishinda mbali. Lakini katika Lubumbashi yote, mtu wa kumsikia vizuri nilikuwa mimi peke yangu. Mama anashika maneno matatu: maji, njaa, choo. Siku nyingi yuko barabarani kwenda Kasomeno kutafuta samaki wakavu wa kuuza, na mimi ndiye niliyeacha masomo ya jioni ili nibaki na kijana wa miaka kumi na saba. Basi mnielewe kidogo kabla ya kunihukumu.

Mwaka jana, siku ya Jumanne, mama akiwa safarini, akaja msichana wa utafiti. Rika langu, tableti mkononi, viatu vyeupe katika vumbi la mtaa wetu wa Katuba. Alieleza kwamba wanachunguza kama misaada wanayopewa watoto na vijana wenye ulemavu inabadilisha maisha yao kweli. Vijana wachache watapata nafasi kwenye kituo chao, kulala huko Jumatatu hadi Ijumaa, mazoezi ya viungo, kujifunza kompyuta, halafu wataulizwa maisha yamekuwaje. Anaingia anayetaka mwenyewe tu. Orodha inafungwa mwisho wa juma.

Nikampa kiti chetu kizuri. Akakiacha, akaketi kwenye mkeka, uso kwa uso na mdogo wangu.

"Jambo, mudogo. Minakuya kukuuliza weye mwenyewe. Hapana yaya yako."

Loo! Hapana yaya yako, yaani si mimi, dada yake mkubwa! Na mdogo wangu, badala ya kunitazama, akachangamka mpaka mate yakamtoka. Akamwita "yaya."

Neno hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimelilipia kwa mgongo, kwa kumbeba tangu akiwa mwepesi mpaka sasa ananishinda uzito. Huyu wa viatu vyeupe alikuwa hajamaliza hata kikombe cha chai.

"Ananiita nani?" akauliza.

"Anakuita madamu."

Mdogo wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia mbabula, jiko letu, nikapepea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Wakaendelea. Nani anakuogesha? Unalala wapi? Ulisoma mpaka darasa gani? Yeye anajibu, mimi natafsiri. Akamtupia msichana utani, mmoja, wa pili, wa tatu, utani mpya ambao mimi sijawahi kuusikia. Mnajua inavyouma kutafsiri utani aliotungiwa mwanamke mwingine? Roho iliniuma, wallahi, na tabasamu nikalibandika usoni hivyo hivyo.

Ndipo likaja swali lenyewe. "Unapenda kuenda kukaa ku kituo?"

Alisema ndiyo. Aliisema mara tatu. Mikono ikarukaruka, lakini mikono yake huruka hata akisema hapana, na mgeni hawezi kutofautisha.

"Anasema hapana," nikasema. "Anaogopa kulala mbali na nyumbani."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaandika, akashukuru, akaacha namba yake ya simu, akaenda.

Mchana nikapika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nikakata kitonge, nikakifikisha mdomoni mwake. Akafunga meno. Nikamsemesha, nikambembeleza, nikamfokea: "Utakula jeuri yako basi!" Akageukia ukuta. Jirani mwenye wigi alipokuja kujaribu kumlisha, akanywa uji wake wote bila shida. Kwa siku mbili hakula kutoka mkononi mwangu, na mimi bado nilikuwa najiambia ni mtoto tu, atasahau.

Alhamisi mama akarudi, ananuka samaki, hajatua hata mzigo. Mdogo wangu akaanza kupiga kelele, mishipa imemtoka shingoni. Alisema yote: msichana, kituo, ndiyo zake tatu, uongo wangu. Mama akageuka upande wangu, kama kawaida.

"Mutoto iko anasema nini?"

Fikirini wenyewe. Mshitakiwa ni mimi, na mtafsiri ni mimi.

"Anasema njaa," nikasema.

Mama akanawa mikono, akakata bukari, akampelekea. Akafunga meno. Mama akajaribu tena, halafu akanigeukia taratibu.

"Muntu ya njaa anakatala bukari?"

Njia ya mwongo ni fupi. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nikatafsiri yote tangu mwanzo, hata lile neno "yaya". Nililia. Nikasema: mama, nilimwonea wivu. Nikiwa si mdomo wake, mimi ni nani katika nyumba hii? Mama hakunipiga. Akanirushia simu. "Piga. Weye mwenyewe njo utasema."

Ijumaa msichana akaja tena. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Safari hii alikuwa na kadi mbili kubwa, ya ndiyo na ya hapana, akaziweka kwenye mkeka mbalimbali. Akauliza swali lilelile. Mdogo wangu akaipiga ya ndiyo kwa ngumi mpaka ikakunjika. Jina likaingia kwenye orodha.

Lakini lilibaki swali moja ambalo kadi haziwezi kulijibu. "Kule ku kituo, nani atakusaidia kusema?"

Mdogo wangu akasema kwa muda mrefu. Vichwa vyote vikageuka upande wangu.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Nikatafsiri: "Anasema, muntu mwenye atakubali kujifunza. Lakini hapana yaya yangu."

Msichana akamtazama mdogo wangu kuhakikisha. Naye mdogo wangu akaongeza maneno machache, na hayo nayo nikayatafsiri.

"Anasema leo nimetafsiri vizuri."