Dharau Yenye Tabasamu

Juzi kwenye dirisha la dawa hapa Okolona ughaibuni, msichana wa kaunta alitabasamu vizuri, halafu akamwuliza mjukuu wangu: “Bibi yako anakunywa dawa hii kabla ya kula?”

Presha ni yangu, na nimesimama palepale. Nikajibu kwa Kiingereza changu nilichookota kazini ghalani: “Baada.” Akamwuliza mtoto tena!

Mjukuu anasoma Kijapani shuleni. Akaninong'oneza, “Bibi, Wajapani wana neno rasmi la vitabuni, keibetsu. Maana yake dharau.”

“Kumbe dharau nayo huvaa tai!” nikamwambia.

Nikagonga kaunta. “Binti, mgonjwa ni mimi. Niulize mimi.”

Akanigeukia, akaniuliza polepole, kwa kelele, kama vile mimi ni kiziwi. Bon, basi, angalau sasa ananidharau uso kwa uso.